Sanamu za Kerma Zatufundisha Nini?

Wapo wasemao kwamba kusoma habari za wafalme wa kale ni kupoteza wakati, maana wafalme hao wamekwisha kufa na hawatulimii shamba. Mimi naona sivyo, na nitaeleza sababu kwa habari za mji mmoja tu, Kerma, uliokuwa kando ya mto Nili katika nchi ya Sudan ya leo.

Kerma ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Kushi kwa muda wa karne nyingi, mpaka Wamisri walipouteka karibu na mwaka 1500 K.K. Hata leo pamesimama hapo jengo kubwa la matofali ya udongo, lenye kimo cha mita 18 hivi. Mfalme alipokufa alizikwa chini ya kilima cha udongo, na watu wengi wakazikwa pamoja naye.

Kati ya mwaka 1913 na 1916, mtaalamu wa Marekani, George Reisner, alichimba pale. Katika makaburi hayo akakuta sanamu za wakuu wa Misri, mmoja wao liwali aitwaye Hepdjefa. Basi Reisner akakata shauri kwamba Kerma ilikuwa kituo cha Wamisri, na kwamba waliozikwa pale ni maliwali wao. Ilikuwa vigumu kwake kusadiki kwamba watu weusi walijenga dola yao wenyewe.

Lakini Hepdjefa alikuwa na kaburi lake mwenyewe huko Asyut, Misri! Tena sanamu zile ni za zamani kuliko makaburi zilimokutwa. Zilifikaje Kerma? Mwaka 2003 yaligunduliwa maandishi katika kaburi la liwali Sobeknakht, huko El-Kab, yakisimulia jinsi Wakushi walivyoivamia Misri. Hivyo wataalamu wengi sasa waona kwamba sanamu hizo zilikuwa nyara za vita. Sanamu ni zile zile; Reisner aliona ndani yake mabwana wa Kerma, kumbe zilikuwa mateka wa Kerma.

Hapo ndipo ilipo faida ya somo hili. Mtu akija na jibu mfukoni, hata jiwe atalilazimisha kusema alitakalo. Hata hivyo tusimdharau Reisner. Aliandika kwa uangalifu kila alichokikuta, na daftari zake zimewasaidia waliomsahihisha.

Wala sisi tusiangukie kosa la upande wa pili, tukawasifu wafalme wa Kushi kupita kiasi kwa kuwa ni Waafrika wenzetu. Wale waliouawa ili wamsindikize mfalme kaburini nao walikuwa Waafrika. Ukweli wote ni wetu, mtamu na mchungu.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, nashauri kwamba tukisoma jambo la historia tusitosheke kukariri majina na miaka. Tumwulize mwalimu kwa adabu: jambo hili lajulikanaje? Na wazazi wasituone wavivu tukipenda somo hili. Maandishi ya Meroe, mji mkuu wa Kushi wa baadaye, yalianza kusomeka kwa sauti tangu mwaka 1911, lakini maana ya maneno mengi haijafahamika hadi leo. Kazi hiyo yahitaji vijana wenye subira, na sioni kwa nini wasitoke katika shule kama yetu.