Shajara ya Kapteni Lugard: Usiitupe kwa Neno Moja

Ukiulizwa udhaifu wa shajara kama chanzo cha historia, huenda jibu la kwanza likujialo ni hili: mwandishi alikuwa mkoloni, kwa hiyo alipendelea upande wake. Mtahini atakupa alama moja na kugeuza ukurasa. Jibu hilo si kosa. Udhaifu wake ni kwamba hata asiyewahi kuona shajara yoyote anaweza kuliandika. Mimi naona shajara ya afisa wa kikoloni ina mengi ya kukupa, mradi uisome kwa ukaidi.

Mchukue Frederick Lugard, kapteni wa jeshi la Uingereza aliyefika Afrika Mashariki kuitumikia kampuni ya IBEAC. Oktoba 1890 alijenga ngome Dagoretti na kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Desemba mwaka huohuo alikuwa Kampala akimshurutisha Kabaka Mwanga kutia saini mkataba. Safari nzima aliandika shajara. Mwaka 1893 akatoa kitabu cha juzuu mbili, chenye michoro na ramani nyingi, juu ya dola ya Uingereza katika Afrika Mashariki. Shajara yenyewe haikuchapishwa hadi 1959, miaka kumi na minne baada ya kifo chake.

Tarehe hizo usizipite haraka. Mwaka 1893 Waingereza walikuwa wakibishana kama waiache Uganda au waishike, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeishiwa fedha. Lugard alikuwa mstari wa mbele kati ya waliotaka ishikwe, na mwaka 1894 ikatangazwa kuwa himaya. Kwa hiyo kitabu kile kilikuwa na kazi ya kufanya: kumshawishi msomaji wa London kwamba nchi hii ina faida. Swali la kwanza la kuuliza chanzo chochote ni hilo: kiliandikwa lini, na nani alitarajiwa kukisoma?

Ndiyo maana sehemu zinazohusu uhamiaji zinastahili jicho kali. Lugard aliandika kwamba nyanda za Mau hazina watu na zina nafasi tele ya mashamba na mifugo, mahali pazuri kwa walowezi wa Kizungu. Alipendekeza pia Wahindi waletwe kutoka majimbo yaliyojaa watu waje kulima huku. Sasa jiulize: nani alisema Mau haina watu? Waogiek waliishi katika misitu hiyo, wakiwinda na kurina asali. Wamaasai walilisha ng'ombe ukingoni mwake kwa kufuata majira. Mpita njia mwenye msafara wa wapagazi asipoona moshi wala shamba la mtama, huandika "tupu".

Jambo linalonifurahisha ni kwamba Lugard mwenyewe anatupa silaha ya kumpinga. Kwingine katika maandishi yake anaeleza jinsi sotoka ilivyoangamiza ng'ombe na nyati, na wafugaji walivyobaki mafukara. Yaani alipita wakati wa msiba. Weka maelezo hayo kando ya lile neno "tupu", nawe utakuwa na hoja ambayo mwenzako aliyekariri neno "upendeleo" hana.

Kuhusu Wakikuyu vilevile. Lugard aliwasifu kuwa werevu na waaminifu, akaeleza kwamba uhusiano uliharibika kwa sababu watu wa misafara iliyopita waliiba mazao mashambani. Ngome ya Dagoretti ilichomwa. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Huyu ni afisa wa kampuni akikiri kwamba chanzo cha ugomvi kilikuwa upande wa kampuni. Ungeitupa shajara yote kwa neno moja, ungeutupa na ushahidi huu, tena ni ule unaokufaa zaidi ukiulizwa sababu za Waafrika kupinga ukoloni. (Usimwonee huruma sana: ni huyuhuyu aliyetumia bunduki ya Maxim pale Mengo, Januari 1892.)

Kwa hiyo ukipewa swali kuhusu shajara, taja mwandishi na kazi yake, taja mwaka wa kuandikwa na wa kuchapishwa, kisha toa mfano mmoja wa jambo aliloliona kwa macho na mmoja wa jambo alilolitamani. Sotoka aliiona. Mau tupu aliitamani.

Na usidhani neno hilo lilikwisha na wakoloni. Waogiek waliendelea kufukuzwa Mau hata baada ya uhuru, na kesi yao ikafikishwa mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mei 2017 mahakama iliamua kwamba haki zao juu ya ardhi hiyo zilikuwa zimevunjwa, na Juni 2022 ikaamuru serikali ya Kenya iwalipe fidia.