Sungura Aliyeacha Kula Si Jambo la Mzaha

Chukua mfano huu. Ni saa mbili usiku. Mama na mwanawe wamesimama mbele ya dirisha la duka la dawa muhimu, mtoto amekumbatia boksi. Ndani ya boksi mna sungura mweupe ambaye tangu asubuhi hajagusa chakula. Amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, na juu ya gazeti alilolalia hakuna hata punje moja ya kinyesi. Mama anasema, "Dokta, naomba amoksisilini mbili tu, nimfungulie kwenye maji." Muuzaji anatabasamu, anakata vidonge viwili kwenye karatasi yake na kupokea fedha. Mtoto anatulia na foleni inasonga. Siku ya tatu sungura anaharisha na kufa, na nyumba nzima inaamini kwamba dawa ilichelewa.

Dawa haikuchelewa. Katika mfano huu, dawa ndiyo iliyoua.

Hoja ya makala haya ni moja. Mhudumu wa afya anayeombwa dawa ya binadamu kwa ajili ya sungura aliyeacha kula ana wajibu wa kukataa, wajibu wa kueleza sababu, na wajibu wa kuonyesha njia nyingine. Anayekataa bila kueleza humsukuma mwenye mnyama kwenye duka linalofuata. Anayetoa dawa ili kumaliza mazungumzo amefanya kosa la kitabibu, hata kama mgonjwa ana masikio marefu.

Tumbo lisilotakiwa kusimama

Sungura hana uwezo wa kutapika. Kilichoingia tumboni mwake kina njia moja tu, nayo ni mbele. Utumbo wake umeumbwa kufanya kazi usiku na mchana, ukisukumwa na nyuzinyuzi ngumu za nyasi. Mwanzoni mwa utumbo mpana kuna mfuko mkubwa kuliko tumbo lenyewe, na humo wamo bakteria wengi mno wanaochachua majani na kuyageuza kuwa lishe. Kutokana na kazi hiyo sungura hutoa kinyesi cha aina mbili: vigoroli vikavu ambavyo kila mfugaji anavijua, na vishada laini vyenye ute ambavyo mnyama huvila moja kwa moja vinapotoka. Wengi wanaomwona akifanya hivyo hudhani ni uchafu au wazimu. Kumbe ni mlo wake wa pili, wenye protini na vitamini zilizotengenezwa na bakteria hao. Anayemzuia anamnyima chakula.

Mfumo huu ni imara maadamu nyasi hazikosekani. Huyumba pale sungura anapolishwa pumba, mikate, ugali na biskuti kwa sababu tu watoto hufurahi kumwona akila. Huyumba pia kwa maumivu, woga, safari, joto kali au meno yaliyorefuka kupita kiasi, kwani meno ya sungura hukua maisha yake yote na husagwa na nyasi hizo hizo. Utumbo ukipunguza mwendo, chakula kilichomo hukauka na gesi hujikusanya. Gesi huleta maumivu, maumivu humfanya mnyama asile, na kutokula huuzuia utumbo zaidi. Mduara huo ukiendelea, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyarundika kwenye ini, nalo ini huelemewa. Ndiyo maana sungura aliyekaa takribani saa kumi na mbili bila kula na bila kutoa kinyesi huhesabiwa kuwa katika hali ya dharura. Kusubiri hadi kesho kutwa "tuone" ni kumpoteza.

Ugumu ni kwamba sungura hasemi wala halii. Ni mnyama anayewindwa, na mnyama anayewindwa huficha udhaifu wake hadi asipoweza tena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna kiumbe cha nyumbani anayestahili methali hiyo kuliko huyu. Dalili zake ni ndogo: kukaa kwa kujikunja, kusaga meno kwa nguvu, masikio ya baridi, vigoroli vidogo kuliko kawaida au kukosekana kabisa. Mwenye kusubiri kelele hatasikia kitu.

Kwa nini amoksisilini huua

Bakteria wema wa sungura ndio kiwanda chake cha chakula. Amoksisilini, ampisilini na klindamisini zikipitia mdomoni huwafagia baadhi yao na kuacha nafasi wazi. Nafasi hiyo huchukuliwa na bakteria wabaya wa jamii ya Clostridium, ambao sumu yao huchoma ukuta wa utumbo, huleta kuhara na kuua.

Historia ya penisilini yenyewe ina funzo juu ya jambo hili. Alexander Fleming alieleza mwaka 1929 kwamba alimdunga sungura mshipani mchuzi uliokuwa na penisilini, na mnyama hakudhurika. Tarehe 25 Mei 1940, kundi la Howard Florey huko Oxford liliwaambukiza panya wanane bakteria hatari na kuwatibu wanne. Wanne hao waliishi na wengine walikufa. Baadaye ilibainika kuwa penisilini hiyo hiyo ni hatari kwa simbilisi. Lau jaribio la Oxford lingefanywa kwa simbilisi badala ya panya, huenda dawa iliyookoa mamilioni ya watu ingetupwa ikidhaniwa kuwa sumu. Hadi leo daktari wa mifugo anaweza kumtibu sungura kwa penisilini ya sindano kwa maradhi maalumu, ilhali jamaa za dawa hiyo zikinyweshwa mdomoni huweza kumuua. Usalama wa dawa hukaa katika mnyama anayepewa, njia inayopitia na kipimo chake. Jina lililoandikwa kwenye pakiti halitoshi.

Wahudumu wa afya hawana sababu ya kulistaajabia hilo, kwa kuwa wanalijua kwa binadamu. Mgonjwa aliyetumia klindamisini au viuavijasumu vingine kisha akapata kuhara kukali kutokana na Clostridioides difficile amepitia njia ile ile: walinzi wa utumbo wameondolewa, mvamizi ameingia. Uhusiano wa bakteria huyo na maradhi hayo ulipothibitishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ushahidi ulitokana pia na wanyama wadogo wa maabara waliokufa baada ya kupewa klindamisini. Utumbo wa sungura na wa binadamu hutofautiana sana kwa umbo, lakini kanuni hii ni moja.

Yanayoweza kufanywa usiku huo

Jambo la kwanza ni kugusa tumbo kwa upole. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, huenda njia imeziba, na kumlisha kwa nguvu kunaweza kumuua. Huyo anahitaji daktari wa mifugo mara moja, hata kama ni usiku. La pili ni joto. Sungura mwenye afya huwa na kati ya nyuzi 38.5 na 40 za selsiasi. Akishuka chini ya 38, hali yake ni mbaya, na anafaa kuwekewa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Lakini kama masikio yanachoma na anahema kwa kasi, tatizo ni joto jingi, jambo la kawaida katika mabanda ya bati ya pwani. Huyo aondolewe juani na masikio yake yapanguswe kwa maji yasiyo ya barafu. La tatu ni kumwekea maji safi kwenye bakuli na nyasi mbichi anazozizoea, kumwondolea nafaka na vyakula vitamu, na kumwacha karibu na mwenzake kama anaye, kwani upweke huongeza woga.

Yaliyobaki ni ya daktari wa mifugo: maji ya mwilini, dawa ya maumivu kwa kipimo kinachomfaa, dawa ya kuamsha utumbo pale tu ambapo hakuna kizuizi, na uji wa majani yaliyosagwa unaonyweshwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, kupitia pembeni mwa mdomo, mnyama akiwa ameketi na wala hajalazwa chali. Dawa za maumivu zilizobaki kwenye kabati la nyumbani zisiguswe.

Anayemuuguza sungura wa namna hii hulala kwa vipande. Humlisha kila baada ya saa chache na kuhesabu vigoroli asubuhi. Daftari linaloandika saa, kiasi alichokula na idadi ya vigoroli humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya kukumbuka. Kigoroli cha kwanza baada ya siku mbili huweza kuleta shangwe ambayo jirani hataielewa. Wapo pia sungura wasioponi, na wapo wanaopona leo na kurudia mwezi ujao. Pale ambapo maumivu hayatulizwi tena, kumwomba daktari amsitishie mnyama mateso ni sehemu ya uuguzi, na mwenye mnyama asihesabiwe kuwa amemsaliti.

Pingamizi na jibu lake

Wapo watakaouliza: katika zahanati ambayo wazazi hupanga foleni tangu alfajiri, sungura ana nafasi gani? Swali hilo ni la haki. Hakuna anayependekeza kwamba muuguzi aache mtoto mwenye degedege akahudumie mnyama. Kinachoombwa ni dakika mbili za maneno ya kweli.

Dakika hizo zina faida kwa binadamu pia. Vidonge viwili vya amoksisilini vilivyouzwa bila cheti na bila dozi kamili ni tone katika bahari ile ile ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa inayowatesa wagonjwa wodini. Zaidi ya hapo, mama aliyepewa vidonge hivyo ameondoka na somo: kwamba yeyote asiyekula hupewa kiuavijasumu. Mwezi ujao asiyekula atakuwa mtoto wake, na somo litatumika tena. Siasa ya Afya Moja, inayounganisha afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira, huzungumzwa sana katika kumbi za mikutano. Lakini hapa, kwenye dirisha la duka la dawa, ndipo inapofaulu au kushindwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Maafisa mifugo wengi wa kata wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na si rahisi kumpata daktari anayemjua sungura vizuri. Hiyo ni kweli, na ni sababu ya vyuo vya tiba ya wanyama kumpa sungura uzito zaidi katika mafunzo. Haiwezi kuwa sababu ya mhudumu wa binadamu kujaza pengo hilo kwa kubahatisha. Kila zahanati na kila duka la dawa linaweza kubandika ukutani namba ya afisa mifugo wa kata, kando ya namba ya gari la wagonjwa. Karatasi moja na kalamu vinatosha.

Pia mhudumu asisahau kumtazama aliyeleta boksi. Huenda ni mzee aliyefiwa na mwenzi wake ambaye sungura huyo ndiye anayemfanya aamke mapema. Huenda ni mtoto mwenye maradhi ya kudumu, au mgonjwa ambaye kinga yake imepungua na anayepaswa kumwachia mtu mwingine kazi ya kusafisha banda, na yeyote anayelisafisha anawe mikono kwa sabuni. Mtu huyo akichekwa, hatarudi kuuliza, hata siku atakapokuwa na swali kuhusu mwili wake mwenyewe.

Katika hadithi za utotoni, Sungura ndiye mjanja anayewashinda Simba na Fisi. Ujanja wake wa mwisho, ule wa kuficha maumivu, humponza yeye mwenyewe, na hauwezi kuvunjwa ila na mtu anayemtazama kwa makini.

Basi turudi dirishani. Muuzaji anaweza kuiweka karatasi ya vidonge kando na kusema, "Mama, dawa hii itamuua. Mguse tumbo hapa tuone kama limekaza. Mtie joto, mpe nyasi na maji, na namba ya afisa mifugo ni hii hapa, mpigie sasa hivi, usisubiri asubuhi." Atakuwa amekosa shilingi chache, na foleni itakuwa imesimama kwa dakika mbili. Mtoto atarudi nyumbani na boksi lake, na sungura atakuwa bado na nafasi ya kuishi.