Simba na mtetea wa binti yangu

Jumamosi asubuhi nilisikia kilio uani, nikadhani mtoto ameanguka. Kumbe Simba, mbwa wetu mdogo wa aina ya Labrador, miezi mitano tu, amemuua mtetea wa kitinda mimba wetu. Mtetea yule ndiye aliyekuwa mradi wake: mayai anamuuzia jirani, hela anaweka kwenye kopo. Baba yao akasema mbwa arudi alikotoka leo hii hii. Binti, machozi yanamtiririka, akamkumbatia mbwa huyohuyo.

Nilimwangalia kuku. Hakuwa na jeraha, manyoya tu yamelowa mate. Labrador walizalishwa ili kuwaokotea wawindaji ndege waliopigwa risasi na kuwaleta bila kuwararua. Simba alibeba, akaachia, kuku akakimbia, mchezo ukanoga. Kosa lilikuwa langu. Nilimwacha peke yake na kuku wako nje, eti ameshawazoea.

Hatukumpiga. Jirani mmoja alishauri tumfunge kuku mfu shingoni, nikakataa. Mbwa haunganishi kipigo cha sasa na kosa la nusu saa iliyopita, anajifunza kukuogopa wewe tu.

Siku hizi kuku wakifunguliwa, Simba yuko kwenye kamba, na kamba naishika mimi, maana ana nguvu kumshinda mtoto. Dakika tano asubuhi, tano jioni, tunakaa mbali na banda. Kila akiacha kuwakodolea kuku macho akamgeukia binti, anapewa kipande kidogo cha ini. Akivuta, tunarudi nyuma hatua chache. Meno ya utoto bado yanang'oka, kwa hiyo ana kipande chake cha kamba nene cha kutafuna.

Vyombo vya chakula cha kuku tumevihamishia ndani ya banda. Labrador ni walafi, huyu hata mavi ya kuku anakula! Mavi hayo yanaweza kuwa na salmonella, na ulimi uleule ndio unaolamba nyuso za watoto. Kwa hiyo tunanawa kwa sabuni, kila mara.

Baba ametoa mwezi mmoja.

Jana jogoo alipita karibu kabisa. Simba alilala chini, mkia unapiga vumbi, mwili unatetemeka kwa hamu, lakini hakuinuka. Binti akampa ini, kisha akaenda kuhesabu hela za kopo. Bado elfu nne anunue tembe mwingine.