Zaburi za Daudi Katika Vilima vya Mbale



Wapendwa waamini, juma hili tulipokea malalamiko kuhusu Zaburi ya Dominika iliyopita. Kwaya iliiimba kwa ngoma na kayamba, kwa lahani ya nyimbo za mavuno, na baadhi ya wazee wetu wakaona kwamba Neno la Mungu limeshushwa hadhi. Mmoja wao aliuliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, kama mfalme Daudi angeitambua Zaburi yake. Tunapenda kulijibu swali hilo kwa kuwatazama wale ambao Zaburi zilikuwa zao kabla hazijawa zetu, yaani Wayahudi.

Lahani ya Daudi hakuna aijuaye. Vichwa vya baadhi ya Zaburi, kama ile ya 22, vina maneno ambayo wataalamu wengi huyadhani kuwa majina ya lahani za kale, lakini sauti zenyewe zimepotea. Wayahudi walipotawanyika duniani waliyabeba maneno, na kila walikokaa wakayavika sauti ya mahali pale: Yemeni kwa namna yake, Moroko kwa namna yake, Polandi kwa namna yake. Hata Afrika ya Mashariki.

Katika vilima vya Mbale, mashariki mwa Uganda, inaishi jumuiya ya Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari na Mkristo wa Kiprotestanti aliyewatumikia Waingereza. Kwa kulisoma sana Agano la Kale alifikia kutahiriwa, yeye na wanawe, mwaka 1919, akajitenga na Ukristo. Hakutumwa na rabi yeyote. Alikuwa na Biblia, na lugha ya watu wake. Ndiyo maana Zaburi wakaziimba kwa Kiganda, kiongozi akianza na watu wakiitikia. Sauti zikipangwa kama walivyozoea makanisani walikotoka. Kiebrania kilikuja baadaye, kwa msaada wa Wayahudi wageni, nacho kikakuta nyumba imekwisha jengwa.

Kisha akaja Idi Amin, akaipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, na jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na mia chache waliosali kwa siri. Kampala ilikombolewa na majeshi yetu pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979. Kwetu ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu; kwa Wayahudi ilikuwa jioni ile ile Pasaka yao ilipoanza. Baba zetu waliokuwa vitani huenda hawakujua walikuwa wamewafungulia nani mlango.

Waliobaki walikuwa wachache na maskini. Vijana wao, miongoni mwao Gershom Sizomu aliyepata urabi mwaka 2008, waliishi pamoja, wakashika magitaa, wakatunga lahani mpya za Zaburi na sala, na kwa nyimbo hizo wakawaita wenzao warudi. Mwaka 2003 Jeffrey Summit, rabi na mwanazuoni wa muziki kutoka Marekani, alitoa santuri ya nyimbo hizo, ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Leo yako masinagogi Marekani yanayoimba kwa lahani ya Mbale. Fikirini: mkulima wa kahawa anamfundisha Myahudi wa Amerika namna ya kuimba Zaburi.

Kwa hiyo hatukubali kwamba ngoma huchafua Zaburi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilisema jambo hilo mwaka 1963, katika hati juu ya Liturujia, uliponena kuhusu muziki wa mataifa katika nchi za misioni. (Kinanda cha umeme chenye midundo iliyopangwa kiwandani, hicho hakitoki kwa taifa lolote, na kwaya zetu zinajua maoni yetu juu yake.)

Lakini lipo jambo linalotusumbua zaidi ya ngoma. Mwaka 2002, nchini Israeli, mwanamuziki Idan Raichel alitoa santuri iliyochanganya Kiebrania na Kiamhari, sauti za Wayahudi wa Ethiopia zikisikika ndani yake, na nchi nzima ikaipenda. Wayahudi hao walipelekwa Israeli kwa maelfu. Mwezi Mei 1991 pekee, zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege katika muda usiozidi siku mbili. Lakini mwaka 1996 iligundulika kwamba damu waliyojitolea kwa ajili ya wagonjwa ilikuwa ikitupwa kwa siri kwa kuogopa UKIMWI, wakaandamana kwa hasira Yerusalemu. Sauti yao ikaja kupendwa na watu wale wale walioiogopa damu yao.

Sisi Wakristo hatuna pa kuwanyoshea kidole. Kwa karne nyingi tuliimba Zaburi za Wayahudi asubuhi na jioni, tukitamka Aleluya, Hosana na Amina kwa lugha yao, huku tukiwatesa na kuwafukuza. Tamko rasmi la Kanisa la kukataa chuki hiyo lilingoja hadi mwaka 1965.

Nasi hapa parokiani? Lahani iliyolalamikiwa ni ya familia zilizohamia kwetu kufanya kazi mashambani, zile za ng'ambo ya mto. Tunauliza kwa upendo: kilichowaudhi wengine ni ngoma, au ni wenye ngoma? Na wale waliosifu, wakapiga vigelegele, wangapi wamewahi kuingia katika nyumba zao? Katika halmashauri ya walei hakuna hata mmoja kutoka ng'ambo ile. Kosa hilo ni letu pia, maana orodha ya majina hupita mezani petu.

Zaburi itaimbwa tena Dominika ijayo, kwa ngoma ile ile. Wazee walioleta malalamiko tumewaomba wafike kwenye mazoezi siku ya Alhamisi, saa kumi jioni. Mama anayeongoza wimbo huo atawaeleza ulikuwa ukiimbwa lini na kwa nini. Ameimba katika kwaya yetu miaka kumi na mmoja, na kati ya waliotuletea malalamiko hakuna aliyelijua jina lake.