Waya ni ile ile, juu ya nini mega zingali bei?

Wandugu na wadada wa Lubumbashi, Goma, Bukavu, Kisangani, na kila fasi kwenye ukurasa huu unafunguka pole pole,

Kila mara tunauliza juu ya nini intaneti iko bei hapa kwetu, tunajibiwa wimbo mumoja: inchi ni kubwa, waya ni kidogo, mungojee. Leo tunaukataa huo wimbo. Na siyo juu ya hasira tu. Tumejifunza namna waya inatumika.

Tuangalie kwanza Marekani. Kule manyumba mingi zilikuwa na waya ya shaba yenye kuleta televizyo, iliyowekwa mbele watu wajue intaneti ni nini. Mu 1997 wakatoa kanuni ya kwanza ya kupitisha intaneti ndani yake, inaitwa DOCSIS. Ilikuwa inashusha karibu megabiti 40 kwa segonde, na mutaa muzima ulikuwa unagawana hizo. Mu 2013 kanuni ya 3.1 ikafungua njia ya gigabiti 10. Waya yenye kuingia mu nyumba haikungʼolewa. Walibadilisha mashini za huku na huku, wakaleta fibre karibu na mutaa, wakajua kufunga maneno mingi zaidi ndani ya ishara moja. Waya ya zamani, nguvu mupya.

Ni vile vile chini ya bahari. WACS, waya yenye kutoka Afrika ya Kusini mpaka Uingereza, ilianza kazi mu 2012. Sisi, wenye inapita mbele ya mulango wetu, tuliunganishwa Muanda mu 2013 (kuchelewa kwetu munakujua). Ndani yake mwangaza wa rangi mingi unatembea mu uzi wa kioo, kila rangi na muzigo wake. Zamani rangi moja ilibeba gigabiti 10. Kisha wakabadilisha mashini kwenye miisho, rangi moja ikabeba 100. Hakuna mutu alizamisha waya ingine.

Basi tuulize vizuri: kama nguvu ya waya inapanda bila kuchimba bahari upya, ile faida inakwama wapi? Kwa mwanafunzi wa Kenya ao wa Katuba haifike. Yeye anangojea saa sita ya usiku juu mega za usiku njo anaweza kulipa, halafu asubui analala mu darasa. Na wakubwa wanamwambia dunia ni ya "numerike".

Badala ya kushusha bei, leta iliongeza muzigo. Mu 2020 walituletea RAM: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, ikikatwa mu krediti zetu. Tulipiga kelele, mu 2022 wakaitoa. Hatuyasahau. Wala hatusahau 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, wakati serikali ilifunga intaneti karibu siku 20. Siku ile waya haikukosa nguvu. Ni mukono wa mutu ulifunga robine.

Na tusidanganyane, kuna mashida ya kweli. Mu Agosti 2023 udongo ulibomoka chini ya bahari, kwenye fleuve Congo inamwangikia, ukakata WACS na SAT-3. Mu Marsi 2024 WACS ikakatika tena, upande wa Côte dʼIvoire. Inchi yenye iko na pwani fupi hivi inapaswa kuwa na njia mingi: za bahari, na za mipaka ya Zambia, Uganda na Tanzania. Lakini ile ni sababu ya kujenga. Siyo sababu ya kuficha hesabu.

Juu hesabu njo tunataka. ARPTC, yenye leta iliweka ili isimamie simu na intaneti, itangaze kila mwaka: ni gigabiti ngapi zinaingia Muanda na ku mipaka, ngapi zinatumika, ngapi zinalala, na gigabiti moja inauzishwa bei gani kwa makampuni mbele ifike mu mifuko yetu. Vitu vine tu. Kama kweli waya ni kidogo, namba zitawatetea. Kama hawataki kuzionyesha, tutajua juu ya nini.

Barua iko tayari, tunaipeleka kwa mikono. Kila mumoja wenu apige picha ya mesaji zote za mega alizonunua mwezi huu, afunike namba yake ya simu, atutumie. Tutaziambatanisha nyuma ya barua, moja kwa moja, hata zikijaza karto nzima.