Nani Kasema Kazi ya Serikali ni ya Tai?

Wabera, katika mji wa Isiolo, ina jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya hapo, aliyeuawa kwa risasi mwezi wa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Basi kazi ya serikali si jambo geni kwa watu wa huko. Na tangu kaunti zianze mwaka 2013, nyingi za kazi hizo huombwa pale pale mjini, bila safari ya Nairobi.

Lakini iko dhana moja ambayo haijahama: kwamba mbele ya bodi ya kuajiri, Mwislamu hana budi kujigeuza. Kijana huazima suti ya jirani, mabega yakampwaya. Msichana naye huambiwa na wenziwe, tena kwa kumtakia heri, kwamba siku hiyo moja auache mtandio nyumbani. Sisi wa pwani tusiwacheke, maana dhana hiyo tunayo, toka Lamu hata Vanga.

Mimi naona haina mizizi. Sir Ali bin Salim, na baadaye Sir Mbarak Ali Hinawy, walikuwa Maliwali wa Pwani na watumishi wa serikali ya Mwingereza, nao walijulikana kwa majoho yao. Joho halikuwazuia kushika kalamu. Hata leo kadhi ni afisa wa Mahakama, mshahara wake watoka serikalini, na kanzu hajaivua.

Sheria nayo iko wazi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinapotaja mambo ambayo serikali haina ruhusa ya kumbagulia mtu, kinataja mavazi kwa jina lake, kando ya dini na utamaduni. Kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake.

Hata hivyo, hofu ya wazazi wa Isiolo naifahamu. Ile kesi ya hijabu ilitoka kwao, katika shule ya sekondari ya St Paul's Kiwanjani. Mahakama ya Rufani iliwapa haki wasichana mwaka 2016; Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba dai halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa. Hijabu yenyewe haikuamuliwa. Mzazi aliyeyaona hayo hanishangazi akimwambia bintiye avue kwanza, kazi ikipatikana atajifunika.

Lakini sikubaliani naye. Mwanafunzi ana sare, mwombaji kazi hana. Tena binti akivua ili aajiriwe, siku atakayokuja kazini amejitanda wakubwa wake watamwona yeye ndiye aliyewahadaa.

Wala hiyo suti isituzuge kana kwamba ndiyo kipimo cha milele. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku suti ya Kaunda Bungeni, vazi ambalo Rais Ruto mwenyewe alikuwa akilivaa!

Haya, tusijifiche nasi nyuma ya dini. Wako wanaokwenda kuhojiwa na kanzu ya kulalia, kola ina tambuu, miguuni champali za msikitini. Akikosa kazi asema ameonewa. Kanzu ipigwe pasi, ivaliwe koti juu yake kama ilivyo ada yetu, kofia ifuliwe, na viatu viwe vya kufunga. Binti avae buibui la kila siku lisilochujuka, au gauni refu na mtandio wa rangi moja. Lile la kumetameta alingojeze harusi. Udi nao apunguze, vyumba vya mahojiano ni vidogo. Mwenye nikabu ajue huenda akatakiwa uso wake ulinganishwe na kitambulisho, na si vibaya kuomba kwamba aitazame mwanamke.

Bodi nazo zina deni. Tangazo la kazi hutaja vyeti, miaka na nakala za kitambulisho. Mstari mmoja wa kusema kwamba vazi la heshima la dini au la asili ya mwombaji litakubaliwa hauwezi kuijaza karatasi. Usipoandikwa, usiku wa kuamkia mahojiano binti wa Wabera ataendelea kumwuliza mamake: nivue, au nisivue?