Uvira: siku robine inakauka, tuihesabu kama siku ya kolera



Mu mji wetu tumezoea kusema "maji imekatika" vile mtu anasema "mvua imenyesha". Tunabeba mabidon, tunashuka kwenye ziwa ao kwenye mto, maisha inaendelea. Sisi tunakataa hayo mazoea. Hapa Uvira, kukatika kwa maji ni mwanzo wa ugonjwa. Viongozi wanapojua kama maji imekatika, wana lazima ya kutuambia na kufanya kitu ile siku ile ile. Wasingoje wiki mbili, wakati vitanda vya wagonjwa wa kolera vimekwisha kujaa.

Haya si maneno ya barabarani. Watafiti walichukua hesabu za mji wetu kuanzia 2009 mpaka 2014. Upande mmoja waliandika kila siku kiwanda cha maji kimetoa maji kiasi gani. Upande wa pili waliandika watu wangapi wameingia kwenye kituo cha kutunza wagonjwa wa kolera. Kazi yao ilitoka mu 2015. Waliona kwamba siku moja bila maji ya robine, ukiilinganisha na siku maji inatoka vizuri, inaongeza wagonjwa kwa 155% ndani ya siku 12 zinazofuata. Ni kusema kama pangeingia wagonjwa 10, wanaingia zaidi ya 25. Waliona tena kwamba karibu mgonjwa mmoja kwa wane, yaani 23.2%, alifika pale juu ya upungufu wa maji ya robine. Na athari ilikuwa kubwa zaidi mu makartie yenye kuzoea robine. Ule anayepata maji ya robine kila siku njo anaumia sana siku inakatika, sababu hakujitayarisha.

Tusome ile hesabu polepole. Mtoto anaingia hospitali leo, lakini ugonjwa wake ulianza siku fulani ya wiki iliyopita, wakati mama yake alifungua robine na kusikia upepo tu. Ile siku ilijulikana. Kiwanda kinajua saa gani pompe zimesimama. Basi kumbe tuko na kengele ya kutuonya mbele ya ugonjwa kufika, lakini hakuna anayeipiga.

Sasa, kwa nini kukatika kunaleta ugonjwa? Sababu ya kwanza tunaiona wote: watu wanakwenda ziwani. Tuko kando ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, na maji yake inaonekana safi mpaka unaona mawe chini. Lakini macho haioni mdudu wa kolera. Ule mdudu anaweza kuishi mu maji ya ziwa, anashikamana na vitu vidogovidogo vinavyoelea mule. Na palepale tunapovoma njo tunafulia nguo, njo tunaogea, njo mito inamwaga uchafu wote iliokusanya toka milimani ikipita katikati ya mji.

Sababu ya pili watu hawaisemi sana: ni wingi wa maji. Chukua nyumba yenye watu saba. Kama kila mmoja anahitaji angalau litre 20 kwa siku, ni litre 140, ni mabidon saba. Bidon moja iliyojaa ina kilo 20. Nani anabeba saba kila siku kutoka ziwani mpaka juu karibu na mlima? Ni msichana, mbele ya kwenda masomo, ao hatakwenda kabisa. Akichoka, analeta tatu. Kwa zile tatu, kwanza ni kupika, kiisha kunywa. Kunawa mikono kunabaki nyuma. Kwa hiyo hata mwenye kuchemsha maji ya kunywa anaweza kupata kolera kwa mkono usionawa.

Sababu ya tatu iko chini ya udongo. Mtiyo ukijaa maji yenye nguvu, uchafu hauwezi kuingia. Maji ikikatika, nguvu inaisha, na pale mtiyo umepasuka maji chafu ya rigoli inaingia ndani. Maji ikirudi, inasukuma ule uchafu mpaka kwenye robine yako. Njo maana maji ya kwanza kisha kukatika haifai kunywa hivihivi, hata kama umeingoja siku tatu na una kiu.

Kuna wakubwa wanaosema: "Watu ni wachafu, wachemshe maji." Tunawajibu kwa heshima. Kuchemsha ni vizuri, lakini kunaomba makala, na makala inaomba pesa. Mama anayeuza sambaza sokoni ili watoto wale jioni, utamwambia achome makala ya litre ngapi? Na hayo makala inatoka kwenye miti ya milima yetu. Kisha milima ikibaki uchi, mvua inateremsha udongo na mawe mu Mulongwe. Tuliona Aprili 2020 vile Mulongwe ilitoka mu njia yake, ikaua makumi ya watu na kubeba nyumba. Kumwambia maskini achemshe, na hapohapo kukaa kimya juu ya robine, ni kumtwika mzigo wa serkali.

Sababu mzigo ni wa serkali. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kupata maji ya kunywa inalindwa. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya maji inagawa kazi, na majimbo na miji iko na sehemu yake. Kwa hiyo Meya hawezi kutuambia kila kitu kiko Kinshasa, na Kinshasa haiwezi kutuambia kila kitu kiko kwa wafazili. Wafazili wamekuja kweli. Mradi mkubwa wa kutengeneza mtandao wa maji wa Uvira ulipata msaada wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Tunashukuru. Lakini mitiyo mpya bila umeme wa kusukuma maji, bila dawa ya kusafisha, bila mafundi wenye kulipwa, itakauka sawa na ya zamani. Na vita haiwezi kuwa jibu la kila swali. Wakati wa vita njo watu wanasongamana mu nyumba moja, njo wakimbizi wanafika, na njo maji safi inahitajika zaidi.

Kwa hiyo tunadai mambo matano. Hakuna hata moja linaloomba kungoja mradi mpya:

1. Tangazo. Maji ikikatika zaidi ya saa sita, itangazwe kwenye radio za mji na kwa mashefu wa kartie mpaka kwa nyumbakumi: kartie gani, sababu gani, itarudi siku gani. Ikirudi pia itangazwe, pamoja na onyo la kuacha maji ya kwanza ipite.

2. Klorini bure. Kukatika kukipita saa 24, watu wa kutia klorini wawekwe kila mahali tunavoma, kando ya ziwa na ya mito, watie kipimo mu kila bidon. Tunaijua hii kazi. Kila mwaka inafanywa kolera ikiisha kufika. Tunaomba ifanywe mbele.

3. Hesabu mbele ya watu. Kila juma, kwenye ofisi ya mji na ya kila kartie, kibandikwe kikaratasi kimoja: maji kiasi gani imetoka kila siku, na klorini iliyobaki ni ngapi kwenye robine za mwisho wa mtandao. Kipimo kinachokubaliwa ni angalau miligramu 0.2 kwa litre pale mtu anapovoma. Kama iko chini, tujue.

4. Kazi kwa vijana. Niko na lisansi, niko shomeri, na mu mji huu siko peke yangu. Kupima klorini ni kidonge kidogo, maji mu chupa ndogo, na kuangalia rangi. Kijana mwenye diploma anafundishwa mu siku moja. Wachukuliwe vijana wawili kwa kila kartie, wafundishwe, walipwe, wapime kila asubuhi.

5. Faktire ya haki. Siku bila maji zitolewe kwenye faktire. Mtu asilipie upepo.

Na sisi wenyewe, tukingoja? Tufanye kile tunaweza. Maji ya kwanza kisha kukatika tusinywe: tuoshee sakafu ao choo. Maji ya ziwa tutie klorini, tungoje dakika 30 mbele ya kunywa. Ikiwa na matope, tuiache itulie kwanza na tuipitishe mu kitambaa safi, sababu matope inakula nguvu ya dawa. Bidon ya kuvomea na bidon ya kunywea zisiwe moja. Na mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, asingoje asubuhi: anywe maji ya chumvi na sukari ya hospitali njiani, na akimbizwe kituoni, sababu kolera inaweza kuua mu saa chache.

Kisha tuandike. Kila nyumba iweke kalendari kwenye ukuta, na kila siku bila maji itiwe alama. Mwisho wa mwezi tutakusanya zile kalendari kartie kwa kartie, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na tutazipeleka kwa Meya kwa amani, mchana, kila mtu na bidon yake tupu mkononi. Tutamwomba aweke hesabu yetu kando ya hesabu ya wagonjwa, asome mwenyewe.

Kama iko na jibu lingine, tutamsikiliza. Lakini asituambie tena kama hakujua.